UCHAMBUZI: Mbawakawa Anayehitaji Moto na Mtihani wa Sera za Kuzuia Moto Nyikani

Kila ifikapo tarehe 31 Machi, msimu wa kuchoma vichaka na majani katika nyika za nyanda za chini nchini Uingereza hufungwa. Kuanzia siku inayofuata hadi tarehe 1 Novemba, mwenye ardhi haruhusiwi kuwasha moto wa kusafisha nyika yake bila kibali maalumu. Kanuni hiyo imewekwa ili kulinda makazi ya watu, ndege wanaotaga ardhini na wanyama watambaao ambao hutoka mafichoni hali ya hewa inapoanza kuwa ya joto.

Hata hivyo, yupo kiumbe mmoja katika nyika hizo ambaye kalenda yake inakwenda kinyume na kalenda ya sheria. Huyo ni mbawakawa mweusi, mwenye urefu wa milimita 7 hadi 13, anayejulikana kwa jina la kisayansi la Melanophila acuminata. Mdudu huyu huruka na kuzaliana wakati wa kiangazi, na mayai yake huyaweka katika miti iliyoungua muda mfupi uliopita. Mahali pasipo na moto, hana pa kutaga.

Kwa hiyo, uhifadhi wake unazitia mamlaka katika mtihani mgumu. Serikali inayowahimiza wananchi kuzuia moto inapaswa pia kuhakikisha kuwa kiumbe anayetegemea moto hatoweki. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba hatima ya mbawakawa huyu haiamuliwi siku ya moto peke yake. Huamuliwa pia katika majuma yanayofuata, pale mtu mwenye mamlaka anapoagiza miti iliyoungua ikatwe na kuondolewa, au iachwe isimame.

Nyika iliyotengenezwa na binadamu

Nyika zinazozungumziwa hapa si mbuga za nyasi ndefu kama zile za Afrika Mashariki. Ni ardhi ya kichanga, yenye tindikali na rutuba haba, iliyofunikwa na vichaka vifupi vya jamii ya erika, vichaka vya miiba na miti michache ya misonobari na betula. Zipo kwa wingi kusini mwa Uingereza, hasa katika majimbo ya Surrey, Hampshire, Berkshire na Dorset.

Sehemu kubwa ya nyika hizo ilitokana na kazi ya mikono ya watu. Tangu enzi za kale, wakulima na wafugaji walikata misitu iliyokuwa juu ya udongo huo mwepesi, wakalisha mifugo, wakachimba udongo wa kuwashia moto na wakachoma vichaka vilivyozeeka ili machipukizi mapya yapate kuota. Matumizi hayo yaliendelea kwa karne nyingi na kuizuia misitu isirejee.

Matumizi hayo yalipopungua, nyika nazo zilipungua. Tangu mwaka 1800, zaidi ya asilimia 80 ya nyika za nyanda za chini zimepotea kutokana na kilimo, upandaji wa misitu na ujenzi wa makazi. Zilizobaki huvamiwa na misonobari na miti ya betula pasipokuwa na mifugo, shoka au moto wa kuirudisha nyuma.

Ndiyo maana wahifadhi wa Uingereza hawachukulii moto kuwa adui wa nyika katika kila hali. Katika New Forest, jimboni Hampshire, uchomaji wa vichaka uliopangwa hufanyika kila majira ya baridi kama sehemu ya utunzaji wa kawaida wa ardhi. Moto huo hupita haraka juu ya vichaka vilivyozeeka, nayo mizizi na udongo hubaki salama.

Mdudu anayefuata moto

Viumbe wengi hukimbia moto, lakini Melanophila acuminata huufuata. Chini ya kifua chake, pembeni mwa mizizi ya miguu ya kati, ana vishimo viwili vyenye uwezo wa kutambua mionzi ya infraredi, yaani mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Ndani ya kila kishimo mna vijidude kadhaa vya umbo la tufe, vidogo mno. Joto la moto likivifikia, vijitufe hivyo hutanuka na kuusukuma mshipa wa fahamu, na mdudu hutambua kuwa kuna moto.

Mtafiti W. G. Evans alionyesha uwezo huo katika tafiti alizochapisha katika miaka ya 1960. Baadaye, watafiti wa Ujerumani, akiwemo Helmut Schmitz wa Chuo Kikuu cha Bonn, walieleza kwa undani namna viungo hivyo vinavyofanya kazi. Mwaka 1999 ilibainika pia kuwa vipapasio vya mdudu huyu hunusa kemikali zinazotolewa na kuni zinapoungua kwa moshi, hata zikiwa kwa kiasi kidogo sana hewani.

Ndugu zake wa Amerika Kaskazini wana sifa hiyo hiyo. Mwaka 1925, matangi ya mafuta yalipowaka huko Coalinga, California, makundi makubwa ya mbawakawa wa jamii hiyo yalionekana yakimiminika kwenye moto. Katika uchambuzi wao wa mwaka 2012, Schmitz na mwenzake Herbert Bousack walikadiria kuwa huenda wadudu hao walitoka umbali wa kilomita 130. Mwaka 1943, mtaalamu wa wadudu E. G. Linsley naye aliandika kuhusu mbawakawa hao kuwasumbua na kuwauma watazamaji wa mpira katika uwanja wa Berkeley, wakivutwa na moshi wa sigara za maelfu ya watu.

Sababu ya tabia hiyo ni ya kiuchumi, kama ilivyo kwa viumbe wengi. Msonobari ulio hai hujilinda kwa utomvu unaowafunika na kuwaua mabuu wanaojaribu kutoboa gome lake. Mti uliouawa na moto hauna tena ulinzi huo. Jike anayefika mapema huweka mayai katika nyufa za gome lililoungua, na mabuu wake hupata chakula tele huku washindani wakiwa wachache. Kwa kawaida, wadudu wazima hutoka ndani ya mti kiangazi kinachofuata na kuanza kutafuta moto mwingine.

Nafasi hiyo haidumu. Baada ya muda mfupi mti hukauka, gome huanza kuachana na shina, na wadudu wengine huingia. Kila kizazi cha mbawakawa huyu hulazimika kupata moto mpya. Nyika iliyoungua miaka kumi iliyopita, hata ikiwa na afya njema kiasi gani, haimfai tena.

Kalenda mbili zisizokutana

Kanuni za uchomaji wa vichaka na majani nchini Uingereza, zilizotungwa mwaka 2007, ziliruhusu uchomaji kati ya tarehe 1 Oktoba na 15 Aprili katika nyanda za juu, na kati ya tarehe 1 Novemba na 31 Machi katika maeneo mengine. Ratiba hiyo ni ya busara kwa mtazamo wa usalama. Wakati wa baridi udongo huwa na unyevu, mijusi na nyoka huwa wamejificha chini ya ardhi, na ndege hawajaanza kutaga.

Lakini wakati huo huo, mbawakawa wa moto bado ni buu ndani ya shina la mti. Moto wa majira ya baridi unapowashwa, hakuna mdudu mzima wa kuuona wala kuunusa. Isitoshe, moto huo hulenga vichaka na kwa kawaida husimamiwa ili usiue miti mikubwa. Hutimiza kazi ya kuifufua nyika, lakini haumpi mbawakawa kile anachokihitaji, yaani mti uliouawa na moto katika miezi ya joto.

Matokeo yake ni kwamba, katika nyika za Uingereza, mdudu huyu huishi zaidi kwa ajali kuliko kwa mpango. Makazi yake mapya hutokana na moto usiotakiwa: jiko la mkaa la matembezini lililoachwa likiwaka, mioto ya makusudi inayowashwa na wahalifu, au cheche za risasi katika maeneo ya mazoezi ya kijeshi. Kiumbe ambaye uhai wake umefungamana na matukio ambayo kila mamlaka inajitahidi kuyakomesha hawezi kusemwa kuwa amehifadhiwa.

Gharama ya moto usiodhibitiwa

Hoja hii isitafsiriwe kuwa ni utetezi wa moto wa ovyo. Hifadhi ya Taifa ya Mazingira ya Thursley Common, jimboni Surrey, iliungua kwa sehemu kubwa mwezi Julai 2006, kisha ikaungua tena mwishoni mwa Mei 2020. Msitu wa Swinley, jimboni Berkshire, ulikumbwa na moto mkubwa mwezi Mei 2011. Katika matukio ya aina hiyo, zimamoto hulazimika kufanya kazi kwa siku nyingi, barabara hufungwa na wakazi huishi kwa hofu.

Tarehe 19 Julai 2022, siku ambayo kipimajoto nchini humo kilivuka nyuzi 40 za Selsiasi kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu, moto wa nyasi uliingia katika kijiji cha Wennington, pembezoni mwa London, na kuteketeza nyumba za watu. Moto huo haukuwa wa nyika za erika, lakini ulionyesha jinsi ukame na joto vinavyoweza kuugeuza uoto wa kawaida kuwa hatari kwa maisha.

Viumbe wengine adimu nao huumia. Mijusi wa mchangani na nyoka wasio na sumu wanaoishi katika nyika hizo hawana mbawa za kuwawezesha kukimbia. Ndege aina ya shoro wa Dartford huishi humo mwaka mzima na hutegemea vichaka vilivyokomaa. Kirukanjia wa Ulaya, ambaye hukaa majira ya baridi ya kaskazini katika bara la Afrika, hutaga mayai yake juu ya ardhi tupu. Ni kwa ajili ya ndege hawa wawili pamoja na kipozamataza wa misituni kwamba nyika za bonde la Thames zilitangazwa kuwa eneo la hifadhi maalumu mwaka 2005, na nyumba mpya za makazi huzuiwa kujengwa ndani ya mita 400 kutoka mpakani mwa eneo hilo.

Moto mkubwa wa kiangazi una madhara hata kwa mbawakawa mwenyewe. Huzalisha miti mingi iliyoungua kwa mara moja, kisha eneo lote hukosa kitu cha kuungua kwa miaka mingi. Kwa kiumbe anayehitaji mti mpya ulioungua karibu kila mwaka, moto mdogo unaojirudia mahali mbalimbali una manufaa kuliko moto mmoja mkubwa unaofuatwa na ukimya wa miaka kumi na tano.

Uamuzi unaofanyika baada ya moto

Hapa ndipo penye hatua isiyo na gharama kubwa. Moto wa bahati mbaya unapozimwa, agizo la kwanza mara nyingi huwa ni kusafisha eneo. Miti iliyoungua huonekana kuwa uchafu, ishara ya uzembe, au hatari kwa wapitaji. Hukatwa, huburutwa na kuuzwa au kusagwa, pengine kabla ya majira hayo ya joto kwisha.

Kwa kufanya hivyo, mamlaka huweza kuondoa kizazi kizima cha mbawakawa bila kujua. Mayai na mabuu huwa tayari wamo chini ya magome hayo meusi, wakisubiri kutoka mwaka unaofuata. Moto umekwisha kuleta hasara yake, na manufaa pekee ambayo ungeweza kuyaacha yanapakiwa kwenye lori.

Njia iliyo bora ni kupambanua. Mti ulioungua ulio kando ya barabara, njia ya miguu au nyumba uondolewe, kwa kuwa usalama wa watu hauna mjadala. Mti ulio katikati ya nyika, mbali na wapitaji, uachwe usimame kwa muda wa kutosha kizazi kipya cha wadudu kitoke, yaani angalau kupitia kiangazi kinachofuata. Penye ulazima wa kukata, magogo yanaweza kuachwa papo hapo badala ya kuondolewa kabisa.

Hatua ya pili ni ngumu zaidi: kuchoma kwa makusudi, katika miezi ya joto, kundi dogo la misonobari iliyovamia nyika, kwa kibali, chini ya usimamizi wa zimamoto na katika siku ya hali ya hewa tulivu. Kwa kuwa misonobari hiyo huhitaji kupunguzwa kwa vyovyote ili nyika isigeuke msitu, kazi moja ingetimiza malengo mawili. Sheria ya Uingereza haifungi kabisa mlango wa kibali nje ya msimu. Kinachohitajika ni mwombaji mwenye mpango thabiti na mamlaka iliyo tayari kuupima kwa haki.

Wajibu wa jumla tayari upo. Sheria ya mazingira asilia na jamii za vijijini ya mwaka 2006 inazitaka mamlaka za umma nchini humo kuzingatia uhifadhi wa bioanuwai katika shughuli zake. Kwa msingi huo, mpango wa kusafisha eneo lililoungua si suala la usafi pekee, bali ni uamuzi wa uhifadhi.

Sweden yaonyesha njia

Nchi za kaskazini mwa Ulaya zilikutana na tatizo hili mapema zaidi. Nchini Sweden, mafanikio ya kuzima moto wa misitu katika karne ya 20 yaliwanyima wadudu wengi wanaotegemea moto makazi yao. Walipoona hivyo, wahusika hawakuacha kuzima moto, bali waliongeza moto uliopangwa.

Kiwango cha FSC, ambacho ni mfumo wa hiari wa kuthibitisha usimamizi bora wa misitu, kimewataka wamiliki wakubwa wa misitu nchini humo kuchoma kwa mpango kiasi kinacholingana na angalau asilimia 5 ya eneo kavu wanalovuna na kulirejeshea miti. Kati ya miaka 2015 na 2019, mradi wa Life Taiga, ulioungwa mkono na Umoja wa Ulaya, uliwezesha mamlaka za majimbo kufanya uchomaji wa uhifadhi katika misitu iliyohifadhiwa.

Mfano huo hauwezi kuhamishwa kama ulivyo. Sweden ina misitu mipana na vijiji vilivyotawanyika, ilhali nyika za kusini mwa Uingereza zimezungukwa na miji. Lakini kanuni ya msingi ni ile ile: palipo na kiumbe anayehitaji moto, moto huo uwe na mwenyewe, siku yake na mipaka yake.

Erika za Kilimanjaro: somo la upande wa pili

Kwa Tanzania, suala hili si la mbali kama linavyoonekana. Mimea ya jamii ya erika inayofunika nyika za Uingereza ina ndugu zake katika miteremko ya juu ya Mlima Kilimanjaro. Huko, hata hivyo, somo ni kinyume. Utafiti wa muda mrefu wa mwanaikolojia Andreas Hemp umeonyesha kuwa moto wa mara kwa mara umeishusha mipaka ya juu ya misitu ya mlima huo, na misitu ya erika ambayo hunasa unyevu wa ukungu imebadilika kuwa vichaka vifupi. Moto wa Oktoba 2020, uliowalazimu mamia ya watu kupanda mlimani kuuzima, ulikumbusha uzito wa jambo hilo. Mlimani humo, kila moto unaozuiwa ni maji yanayolindwa.

Katika ukanda wa miombo hali ni tofauti tena. Majaribio yaliyoanzishwa Ndola, nchini Zambia, mwaka 1933 yalilinganisha maeneo yaliyochomwa mapema, yaliyochomwa mwishoni mwa kiangazi na yaliyokingwa kabisa. Baada ya miongo kadhaa, maeneo yaliyochomwa mwishoni mwa kiangazi yalipoteza miti mikubwa na kutawaliwa na nyasi, ilhali yaliyokingwa yalifungamana kuwa msitu mzito. Uchomaji wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, uliihifadhi miombo. Ndiyo sababu uchomaji wa mapema hutumika kama njia ya kujikinga na moto mkali wa baadaye, na ndiyo sababu Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina masharti mahususi yanayodhibiti uchomaji wa uoto.

Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Kwa misitu ya erika ya Kilimanjaro, dawa ni kuuzuia. Kwa miombo, ni kuuwahisha. Kwa mbawakawa wa nyika za Uingereza, ni kuupunguza ukubwa, kuupangia siku, na kuiacha miti iliyoungua isimame hadi wadudu watoke.

Mwananchi anayesoma tangazo la kupiga marufuku moto hana budi kulitii, kwa kuwa moto usio na kibali hauchagui kati ya mbawakawa na nyumba ya jirani. Wajibu wa mamlaka ni kueleza, pamoja na marufuku hiyo, ni moto upi unaopangwa, wapi, lini na kwa faida ya nani. Na eneo linapokuwa tayari limekwisha kuungua, swali la kwanza lisiwe ni lini litasafishwa, bali ni kitu gani kimeanza kuishi humo.